Gari Lililokuwa Likisubiri Plagi

Mtaani walimwita Fundi Tabo, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, asiyegombana hata na kuku. Lakini mpe gari lenye tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, umwone! Lile dogo la bluu alilinunua likiwa gofu, akalifungia tabo kubwa, akaongeza msukumo wa hewa, akachezea hiki na kile, mpaka likawa na nguvu ambazo waliolitengeneza hawakuziota. Na gari hilo, jamani, hakuliuza. Alimpa mke wake aendee sokoni.

Ndiyo, sokoni! Mafundi wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Fundi wa rangi, ambaye banda lake lilikuwa ubavuni mwa gereji, alimwambia, "Wewe umempa mkeo simba akachotee maji." Fundi Tabo naye akacheka. Alimpenda mke wake, basi, na mtu akipenda hapimi.

Gari la namna hiyo lina shida yake, nayo ni plagi, vile vidude vinavyotoa cheche ya kuwasha petroli. Ukiliwekea za moto, zile zinazokaa na joto, siku ukilikanyaga likimbie ncha inakuwa nyekundu kama kaa, petroli inawaka kabla ya wakati wake, na pistoni inatoboka. Kwa hiyo unachagua za baridi, zinazotoa joto upesi, na ncha zake unazibana zikaribiane, maana pumzi ya tabo huizima cheche yenye nafasi kubwa. Lakini za baridi nazo zina kisirani. Gari likizurura mjini polepole, zinashika masizi, na injini inaanza kumisi, yaani kukatakata. Fundi Tabo alizichagua hizo hizo za baridi. Kila Jumapili asubuhi alizifungua, akazisafisha masizi, akazirudisha huku akipiga mluzi, na mkewe akimletea chai pale pale kwenye boneti.

Jumapili moja akafungua ya kwanza, akakuta haina masizi. Akafungua ya pili, vivyo hivyo. Zote zilikuwa safi, kauri za nchani zina rangi ya biskuti, rangi ambayo fundi yeyote angeifurahia. Yeye mluzi ulimkatika. Plagi za baridi hazitoki rangi ile kwa safari ya sokoni. Gari lile lilikuwa limekwenda mbali, na limekanyagwa mpaka masizi yakaungua.

"Wiki hii ulikwenda wapi?" aliuliza, kama mtu anayeuliza tu.

"Sokoni," mkewe akajibu, akamimina chai. "Niende wapi tena?"

Moyo wa Fundi Tabo ulipasuka pale pale, naye akapokea chai. Kosa lake lilianzia hapo, kunyamaza. Alifikiria huku na huku. Shoga za mkewe wote walikaa mtaa huo huo. Kwao haendi, maana baba mkwe aliwahi kusema hadharani kwamba binti yake hawezi kuolewa na mtu wa kujipaka grisi, na Fundi Tabo, siku ya harusi, akaapa kwamba jina la mzee yule lisitajwe nyumbani kwake. Basi anakwenda kwa nani? Likabaki jibu moja tu, nalo lilikuwa na suruali.

Fundi wa rangi alimwona amenuna akambana mpaka akasema. "Muulize mkeo, bwana," alimshauri. "Mwenzako ana mdomo."

"Nimuulize nini? Plagi haisemi uongo."

Kweli, haikusema uongo. Ilisema gari limekwenda mbali na limekwenda mbio. Ya mwanaume aliyaongeza mwenyewe, huyo mtu mpole asiyegombana na kuku!

Akazitoa zile plagi, akazifunga kwenye kitambaa, akazificha chini ya spana zake. Nyumbani akasema, "Plagi zimekwisha. Gari lisiwashwe mpaka nichague nyingine."

"Utachagua lini?"

"Nikipata zinazofaa."

Mkewe alisubiri. Siku ya pili akauliza tena, na siku ya tatu akamfuata mpaka gerejini, kanga imemlegea kichwani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mume wangu, nakuomba. Weka zozote."

"Gari la tabo haliwekewi plagi zozote. Unataka pistoni itoboke?"

"Basi rudisha zile zile za zamani. Si zilikuwa zinaendesha?"

"Nimekwambia zimekwisha."

Alimwona anavyosokota vidole vyake, machozi yamemlenga, akajiambia moyoni: tazama, anavyomlilia huyo mtu. Akachukua pakiti za plagi mpya dukani kwa jirani, akazipanga mezani, akawa anazigeuza-geuza, hii ya baridi mno, hii ya moto mno, huku anamtazama kwa pembeni. Maskini, alikuwa anamtesa, na kila alivyomtesa aliumia yeye. Usiku alimpa mgongo. Alitaka mkewe aseme mwenyewe, aombe radhi, ili amsamehe. Tayari alikuwa amemsamehe, ndiyo ajabu yake.

Ijumaa alirudi nyumbani mchana kula. Akakuta sufuria inachemka mpaka inafurika, na mkewe ameketi sakafuni jikoni, simu mapajani.

"Baba amefariki," alisema.

"Baba yupi?"

Swali gani hilo, wewe! Mkewe akaiweka simu sakafuni. "Baba yangu. Alipooza tangu masika. Kaka anashinda kazini, na tangu wiki iliyopita alikuwa hakubali kula kwa mkono wa mtu mwingine. Nilikuwa nakwenda kumlisha. Nikipanda basi ningelala huko, na ungeniuliza nimelala wapi. Kwa gari nilikuwa nawahi kurudi kabla hujafunga gereji."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema jina lake lisitajwe humu ndani. Sikulitaja."

Fundi Tabo alitoka mbio. Gerejini akapindua sanduku la spana, akachukua kile kitambaa cha plagi, akarudi nyumbani anahema. Alizifunga plagi upesi upesi, ya tatu ikamponyoka ikaanguka vumbini. Alipoinua kichwa mkewe alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wa safari, macho yake kwenye kile kitambaa.

"Kumbe zilikuwepo," alisema. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Nilidhani..." akaanza mumewe.

"Najua ulichodhani."

Waliondoka. Mji walipoupa mgongo, Fundi Tabo akakanyaga, na gari likaruka, injini inaimba bila kumisi hata kidogo. Mkewe alikuwa ametazama dirishani. Baadaye sana akaanza kusema, taratibu, kama anamsimulia mtu mwingine.

"Alikuwa anausikia mlio wake tangu kule barabarani. Anawaambia watu, huyo mwanangu anakuja, niketisheni vizuri. Nikamwambia gari amenipa mkweo, amelitengeneza kwa mikono yake ili nifike upesi. Nilimdanganya kwamba unajua. Akasema nikuombe uje, akuombe radhi kwa neno lile alilolisema. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukwambia."

Machozi yalimshuka Fundi Tabo mpaka shingoni, barabara haioni vizuri, na mguu wake hakujua la kuufanyia ila kuukandamiza zaidi. Tabo likapiga yowe. Walipita lori, wakapita basi.

Mkewe akaweka mkono juu ya usukani, pembeni ya mkono wake, bila kuugusa.

"Punguza mwendo," alisema. "Tunamuwahi nani tena?"