Sikio la Kushoto la Mama

Nyumbani kwetu Ngagara tulikuwa wawili tu, mama na mi. Baba alikufa vita ilipoanza. Mama alikuwa mwanajeshi, rubani wa helikopta, ile ambayo huku kila mtu anaiita kajugujugu, na marubani wenzake wote walikuwa wanaume. Watu wakisikia hivyo wanadhani nyumba yetu ilijaa mambo makubwa. Ilijaa nguo za kufua.

Kombinezo yake, ovaroli ya kurukia, ilinuka mafuta ya ndege hata baada ya kuisugua mara ya pili. Asubuhi gari la jeshi lilimchukua getini kabla sijavaa yunifomu ya shule. Alipandisha milimani maharage, risasi na askari wapya, na alishusha majeruhi. Siku nyingine alishusha wale ambao hawakuwa na haraka tena. Siku hizo alivua viatu nje, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko kabla ya kunisalimia. Hakuniambia alichobeba. Nilijua kwa viatu.

Jioni alikula amefumba macho, mkono ukienda wenyewe kwenye bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Nilimsimulia ya shule, yeye akijibu "ehe", halafu "ehe" zikapungua, nikajikuta naongea na mtu aliyelala ameketi. Mi ni mtu wa haya. Darasani mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua, nanyamaza mpaka amuulize mwingine. Vijana wa kwartie, mtaani kwetu, walinicheka: mama yako anarusha kajugujugu juu ya vita, na we unaogopa kuingia dukani kuomba chumvi. Ilikuwa kweli. Ndiyo maana jioni zile zilinifaa. Nilimwambia mama mambo mengi akiwa usingizini.

Msimu ule wa mvua mama alipata mafua yasiyotaka kwisha. Rubani mwenye mafua hatakiwi kupaa, alinieleza mwenyewe zamani. Ukitoka huku chini ziwani kwenda kule kwenye baridi ya milima, hewa iliyo ndani ya sikio inatafuta njia. Pua ikiziba, nayo inakwama. Ukishuka ndipo inauma, kama mtu anakusukumia msumari. Marubani hubana pua na kupuliza mpaka sikio lifunguke. Mama alipuliza. La kulia lilifunguka. La kushoto lilitoa maji siku chache, kisha likanyamaza.

Niligundua kabla hajasema. Alihamishia redio upande wa kulia wa kiti chake. Nilimwita kutoka chumbani kwangu, akageukia mlango wa nje. Bomba la uani liliachwa wazi nyuma ya mgongo wake, maji yakamwagika mpaka yakafika kwenye vidole vyake vya miguu, ndipo akashtuka. Nilipomwuliza alizima redio kwanza. Kisha akaja kulaza kichwa mapajani mwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniambia nimpashie mafuta ya kupikia kidogo, nimtilie sikioni na kijiko.

"Ukiwa huko juu redio unaisikia?" nikamwuliza.

"Naisikia na hili lingine."

"Na hilo lingine nalo likiziba?"

"We mama, maliza kuweka pamba."

Huwa ananiita mama akitaka ninyamaze. Baadaye, pamba ikiwa imeshakaa, alinieleza. Mwenzake mmoja aliumwa mgongo, akasema ukweli kwa daktari wa jeshi. Walimweka stoo ya matairi apumzike kidogo, na mpaka leo yuko huko na matairi. Huyo ni mwanaume. Yeye mwanamke wakimweka chini hawatampandisha tena, na watasema walijua toka mwanzo. Akaniambia nisimwambie mtu yeyote, hata bibi. Nikakubali. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza.

Lakini tangu siku ile sikuweza kula vizuri. Niliogopa kitu kimoja tu: kwamba wenzake wataona risasi zinatoka chini, watamwonya kwenye redio, yeye hatasikia sawasawa, na hawatarudi, yeye na wale askari anaowabeba nyuma. Darasani kajugujugu ikipita juu ya paa nilihesabu pumzi zangu mpaka sauti iishe.

Jumamosi moja alasiri, komanda wake alikuja nyumbani. Alikuja peke yake, bila dereva, na shati la kiraia. Ni mtu mpole, anayeshika mkono wa mtoto kwa mikono yote miwili kama anamsalimia mkubwa. Sisi kwetu tunaongea Kiswahili, Kifaransa ni cha shule, na Kirundi kizuri tunawawekea wageni. Siku ile tulikitoa chote. Nilileta bia, ilikuwa vuguvugu kwa sababu umeme ulikatika, akaisifu kama imetoka kwenye barafu. Nikaenda kukaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, nikatazama soksi zake.

Kwetu mgeni hasemi kilichomleta akiwa na chupa ya kwanza. Waliongea juu ya mvua, juu ya sukari iliyopotea madukani, juu ya ng'ombe wa mjomba wake walioibwa huko bondeni. Nilimletea ya pili. Hapo akasema, akiitazama glasi, kwamba mafua yamewashika wengi mwaka huu.

Mama akajibu kwamba hapa kwetu Mungu ametulinda.

Komanda akasema mtu kupumzika si aibu, hata mashine inapumzika. Mama akasema mashine ikipumzika sana inaota kutu. Wakacheka wote wawili, kicheko cha adabu, kile kinachoishia kwenye meno.

Nikaelewa kwamba anajua. Mmoja wa wanaoruka na mama lazima alimwambia. Na nikaelewa kwamba hataweza kuuliza, kwa sababu mtu mwenye heshima hamwiti mwenyeji wake mwongo chini ya paa lake, huku anakunywa bia yake. Na mama hatasema. Kesho yake alikuwa na safari ya kusini, mbali, na askari nyuma. Wote wawili walijua. Wakarudi kwenye ng'ombe.

Saa ya jeshi kufunga barabara usiku ilipokaribia komanda akaaga. Sasa, kwetu mgeni hasindikizwi mpaka mlangoni tu. Unatoka naye, unatembea naye kidogo njiani, na huko ndiko neno lenyewe husemwa, lile lililokaa chini ya mazungumzo yote. Mkubwa wa nyumba ndiye anayesindikiza. Mama aliinuka. Kisha nikaona mkono wake unatafuta ukuta, na ukuta ulikuwa mbali kuliko alivyofikiri. Akaketi tena, akitabasamu, akasema miguu imechoka leo, mtoto atakusindikiza.

Hakuwaza kwamba neno la njiani sasa litakuwa langu. Mtu aliyeshiba usingizi angewaza.

Tukatoka. Nilitembea nyuma yake kidogo, nikiwa nimeshika mikono yangu. Tulipita geti, tukapita ukuta wa jirani, gari lake likiwa limeegeshwa mbele kidogo. Alitembea polepole sana. Alisimama kabla ya kufika kwenye gari, kama watu wazima wanavyosimama, akatazama barabara, akangoja. Nadhani ilikuwa mazoea tu. Nadhani hakutegemea mtu wa umri wangu aseme kitu.

"Hasikii na sikio la kushoto," nikasema. Ilitoka kwa Kiswahili. "Na akisimama anasikia kizunguzungu. Kesho musimupeleke."

Hakuuliza toka lini.

"Asante kunisindikiza, mwanangu," akasema kwa Kiswahili naye. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka.

Nilirudi ndani nikaosha glasi. Mama aliuliza tuliongea nini njiani. Nikasema apana, hatukuongea.

Asubuhi alivaa kombinezo, akafunga kamba za viatu, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango. Gari halikuja. Jua lilipanda, majirani walipita kwenda kanisani wakimsalimia, naye akiwajibu vizuri. Kisha kajugujugu ilipita juu yetu kuelekea kusini. Aliinua kichwa akigeuza sikio la kulia, akaifuata kwa shingo mpaka ikapotea.

"Ni we," akasema.

"Ni mi."

Nilingoja anipige. Hajawahi kunipiga, lakini nilingoja. Kisha akasema kwamba aliyepaa badala yake ni yule rubani kijana aliyeoa mwaka huu, na njia ya kusini haijui vizuri, hajui ule mlima ambapo upepo unakuvuta chini. Alisema taratibu, kama mtu anayeonyesha barabara. Hilo mi sikuwa nimeliwaza. Niliwaza mtu mmoja tu.

"Ikirudi utaniambia," akasema. "We ndiye unasikia."

Akaenda kulala na viatu vyake. Mi nikakaa uani mchana wote. Niliweka maharage motoni nikayaacha, kila mlio wa pikipiki uliniinua nikidhani ni kajugujugu. Upande wa milima walipiga mizinga kidogo, kisha wakaacha. Nilimwombea mtu nisiyewahi kumwona uso.

Ilirudi jua likiwa bado juu ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Nilisubiri ipite kabisa, mpaka niisikie inashuka upande wa uwanja wa ndege, ndipo nikaingia. Mama alikuwa macho, anatazama dari.

"Imerudi."

"Imepita moja kwa moja, ao ilizunguka kwanza?"

"Moja kwa moja."

Inayorudi na shida huzunguka kwanza kabla ya kushuka, hilo nililijua toka zamani. Nilifungua kamba za viatu vyake, kimoja halafu kingine, na hakunizuia. Akageukia ukutani akalala, alilalia sikio zuri, kwa hiyo hata ningemwita asingesikia. Alilala mpaka Jumatatu asubuhi. Maharage nilikula peke yangu.