Muti ya Foto mu Shamba ya Papa Sebastien

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kijiji yote ya Muheto, mikono mu shimo mpaka kwa kiwiko, na kikwembe yangu inaanza kufunguka nyuma, wakati Mama Feza alishika kale kamuti nilikuwa nimetoka kupanda, akakang'oa na mizizi yake, akakakung'uta juu ya kichwa yangu. "Udongo yetu njo hii!" akasema. "Beba, dada, beba yote, uende nayo kwenu Buleusa!" Bantu balicheka. Kwaya ilicheka (kwaya! ile ilikuwa imetoka kuimba juu ya mapendo). Nikasimama mbio nijitetee, kikwembe ikabakia chini, na mimi mbele ya bageni na jupo ya ndani na triko ya bure yenye kuandikwa mulima ni maisha. Mpaka leo batoto bananipigiaka magoti mu njia. Basi mucheke, mumalize, kisha munisikilize, maana bale balinifikisha pale niko nabajua majina.

Wa kwanza ni Profesere Anselme. Anafundisha mambo ya udongo na misitu kule Goma tangu zamani, baagronome, bale ba mambo ya kilimo, karibu bote benye kupita kwetu na mabuti yao, yeye njo alibafundisha, na siwezi kusema hajui, anajua. Mulima ya juu ilipoanguka kwa mvua na udongo ikafunika mashamba ya bantu, alikuja, akashika udongo mu kiganja, akainusa kama mama mwenye kununua unga, akatuambia: "Munakata miti yote, munalima kushuka na mulima, maji itazuiliwa na nini?" Ilikuwa kweli. Akaanza kupanda miti kule, akapanda mpaka mu kijiji ya Mpofi, na hata mimi nilimupenda. Njo maana niko na kasirani hivi. Kama ni mujinga alinifanyia vile, ningemusamehe.

Wa pili ni Asistani wake, Dieudonné. Huyo alikuwa anatafuta shamba ya fete ya kupanda miti, siku bageni benye kulipa proje batakuja, na alitaka yenye kuwa pembeni ya barabara, juu bageni basichafule viatu (mulima yenye iliumia iko juu kule, lakini kule gari ya jipe haifikake). Akaona yangu. Yangu! Mimi mwenye kukimbia vita Buleusa na batoto na sufuria moja, nikafika Muheto bila bwana, Papa Sebastien akanihurumia akanipa kipande nilime maharagi. Na huku kwetu hata mutoto mwenye hajaota meno anajua: mu shamba ya kupewa unapandaka kitu unavuna unaenda nayo. Maharagi, sawa. Muhogo, kama mwenyewe anakubali. Muti, hapana. Mwenye kupanda muti amesha sema, hapa ni kwangu na kwa batoto yangu. Bantu balishakatana panga juu ya miti ya mupaka.

Na nilimwambia. Musikilize vizuri, nilimwambia.

"Asistani, mimi nalimaka tu hapa. Mwenyewe ni Papa Sebastien."

"Ah, Mama Riziki, ni muti moja ya foto! Papa Sebastien nitamuona mimi mwenyewe. Profesere anakuhitaji wewe, mama ya nguvu."

Nikafurahi, nitasema nini? Tangu nimekimbia, bananiitaka tu deplase, ni kusema mukimbizi, deplase toka hapa, deplase simama kule, leo profesere muzima ananihitaji! Nikaitika ndiyo. Kandiyo kadogo vile.

Siku yenyewe jipe zilisimama ndani ya maharagi yangu yenye kuwa na maua (ndani, siyo pembeni). Profesere akashika mikro ya kusemea: "Huyu mama, mwenye shamba hii, anatoa mulima yake kwa batoto ya kesho!" Mwenye shamba! Nikanong'oneza Dieudonné, "Ulimuona Papa Sebastien?" Akanisukuma bega. "Piga magoti, mama, foto." Nikapiga. Kumbe Papa Sebastien na bibi yake Mama Feza balikuwa banatoka soko, bamesimama nyuma ya kwaya, banasikia kila neno.

Yenye ilifuata mumesha ijua. Lakini siyo Mama Feza alinichoma. Ni Papa Sebastien, mwenye alisema polepole, bila kupandisha sauti:

"Mama Riziki, nilikupa pahali ya maharagi. Kumbe ulikuwa unatafuta mulima."

"Papa, uliza Asistani! Nilimwambia!"

Tukageuka sisi bote. Asistani alikuwa mu jipe, anapandisha kioo. Na Profesere akaniangalia mimi na kikwembe yangu mu mukono, akaangalia bageni, akasema mu mikro, "Tuendelee na programu." Bakaenda kunywa sikre, soda yao ya fete.

Kesho yake Papa Sebastien alininyang'anya shamba. Maharagi yenye ilibakia, Mama Feza njo alivuna. Sasa nalimia bengine, na jina yangu iko mwizi wa shamba, nani atanipa kipande ingine? Nikaenda kwa shefu wa kijiji. Shefu akasema, kama Asistani ao Profesere anakuja kushuhudia kama ulisema shamba siyo yako, shamba inarudi kwako. Papa Sebastien alikuwa pale, akakubali. Neno moja tu! Nikapigia Dieudonné simu: "Mama, niko mu kur, nafundisha." Nikapigia tena: eti iko mu misheni, safari ya kazi. Sasa hata simu haitike. Profesere nilimukuta mu barabara, jipe ikasimama kidogo, akasema, "Ah, Mama, ile ilikuwa bahati mbaya." Bahati mbaya! Bahati mbaya yangu iko na majina, moja inaitwa Dieudonné, ingine inaitwa Anselme.

Mimi muti sitapanda tena, hata ya kivuli ya kaburi yangu. Lakini wewe, Profesere, musimu ya maharagi inakaribia na batoto yangu banakula ya kulomba. Unapitaka Muheto kila wakati kuangalia kama miti yako inakomaa. Shuka basi mu jipe, ingia kwa shefu, na Asistani wako umulete. Museme mbele ya Papa Sebastien: huyu mama alishasema, shamba siyo yake. Shefu anangojea, na mimi nangojea. Munakuja lini?