Risasi Isiyokuwa na Mwenyewe

Siku ile tulikuwepo watu watano: Nassor mume wangu, Hilal mdogo wake, Bi Moza mama yao, yaani mkwe wangu, Zuwena mjukuu wangu, wakati huo hajatimiza miaka saba, na mie. Nawataja kwa sababu juzi nimemkuta mume wa Zuwena kajilaza sebuleni na simu yake, anatazama wanaume wawili wanabishana risasi ipi ya bastola ni bora. Kidogo niteme mate. Nikamwambia, "Baba, upuuzi huo nimeuona Ibra, kule Omani, kabla hujajua kufunga kikoi, na alama yake anayo mkeo usoni."

Miaka ya tisini mwanzo bado tukikaa nyumba ya udongo kule kwenye mitende. Idi pili, nyama ya shuwa imefukiwa shimoni tangu jana, kitunguu thomu na karafuu vyanukia mpaka njiani. Sie wanawake twapepeta mchele, twachemsha kahawa. Wanaume kazi yao kungoja. Na mwanamume anayengoja nyama, shetani humtafutia shughuli.

Nassor alikuwa na bastola ya milimita tisa, Hilal ana ile nene, arubaini na tano. Tangu asubuhi wamezipanga risasi mkekani kama biarusi na bangili zake.

"Hiyo yako kokwa ya tende," Hilal anamwambia kaka yake. "Yangu nzito. Ikimpata mtu hainuki."

"Nzito kama mwenyewe, haifiki popote. Yangu yenda mbio, yapenya."

Bi Moza hakuinua uso kwenye ungo wake. "Nani huyo mnayetaka asiinuke? Hapa hamna ila jamaa zenu."

Watu wazima wale, wana mvi! Wakanyanyuka, wakazunguka nyuma ya nyumba bila ya kumuaga mtu. Wakajaza mchanga kopo la asali ya tende, wakaliegemeza ukutani. Ukuta ule ulikuwa mnene dhiraa nzima, hata mzinga wa Ramadhani usingeutoboa. Ila pahala pamoja, na ndipo walipoliegemeza kopo. Kwa ndani Bi Moza alichimbisha kidaka cha kuwekea mtungi wetu wa udongo uliofinyangwa Bahla, maji yapoe, na udongo uliobakia pale haupiti vidole vinne. Kila mwanamke wa nyumba ile alikijua. Wao, miaka ishirini wanaletewa maji mkononi, hawajauliza hata siku moja yanatoka wapi.

Nami ndipo nilipomtuma Zuwena akanichotee maji.

Nikasikia bastola zote mbili zalia kwa mpigo, kisha mtungi unapasuka. Nilipofika, mtoto kasimama, kikombe mkononi, karowa chapachapa, kigae kimempasua nyusi. Hata kulia hajalia. Sijafungua kinywa, nikawasikia kwa nje, kupitia tundu.

"Imetoka! Imetoka upande wa pili! Yangu hiyo!"

"Yako wapi, yakhe? Yangu! Tia kidole upime!"

Wallahi wakapima kwa kidole.

Bi Moza akamshika mtoto mkono, akamtoa nje vile vile, maji na damu vyamchuruzika, akamsimamisha baina yao.

"Haya. Ya nani?"

Nassor akakohoa. "Mama, nadhani ile ya Hilal."

"Haiwi, kaka. Yangu haipenyi, si umesema mwenyewe?"

Bi Moza akawapa ndoo, kila mtu yake, na mpaka Idi ikaisha maji ya falaji, ule mfereji wa mtaa, waliyachota wao, majirani wakiwatazama.

Sasa nyumba ile imebaki kifusi, na mitende imekauka vichwa. Maji twanunua kwenye chupa za plastiki. Yana baridi, lakini hayana ile ladha ya udongo. Nassor na Hilal wamelala makaburini jirani, kama walivyokaa mkekani. Bastola sijui zilikwenda wapi, wala siulizi. Zuwena hupaka wanja, lakini nyusi ile haikuota tena katikati.

Mie kusoma kwangu kidogo, na miaka mingi imepita. Pengine kopo lilikuwa la maziwa, pengine ilikuwa Idi tatu. Aliyekuwepo mtaani anisahihishe, sitaona vibaya. Na ikiwa yupo aliyemsikia mmoja wao, baada ya siku ile, japo mara moja kabla hajafa, akisema "ile ilikuwa yangu", basi naomba anisahihishe hapo kwanza.