Daktari Anayempa Mbwa Mgongo

Saa moja na nusu asubuhi, Nyanchera Omosa ameketi chini kabisa, kwenye umande, katika boma la Ratemo huko Manga. Amempa mbwa mgongo. Pikipiki ameiacha mbali ili isimtishe.

"Nikimfuata atanikimbia," anasema. "Akinijia mwenyewe, kazi imeisha nusu."

Mbwa huyo anaitwa Karani kwa sababu kila siku humsindikiza Ratemo kupeleka majani chai kituoni, kisha hukaa kando ya mizani kama anayesimamia kilo. Siku tano sasa hajaenda. Kupe wamemjaa masikioni, ufizi umekuwa mweupe, na Ratemo, mzee mgane wa miaka sitini na nane, amekataa mtu yeyote amguse.

Ana sababu. Mwaka jana mtu mmoja alikuja na mkoba, akajiita daktari, akamwosha Malkia, mama yake Karani, kwa dawa ya kupe ya ng'ombe. Malkia alijilamba. Jioni akafa.

Nyanchera, mwenye miaka thelathini na nne, ana cheti cha afya ya mifugo na leseni aliyoipiga plastiki. Kwa siku huona ng'ombe watano, mbwa mmoja. "Wengine hunicheka: ati daktari mzima kwa mbwa! Usiku wakisikia mwizi, hawaiti ng'ombe."

Karani anakuja polepole, ananusa kiwiko chake. Nyanchera anapima dawa kwa bomba la sindano, anaimimina kwenye beseni la maji. Ratemo, kamba ya mbwa mkononi, anachungulia.

"Ongeza kidogo, mama. Kupe ni wengi."

"Hapana, baba."

"Kidogo tu."

"Hata tone siongezi. Huyu si ng'ombe."

Machozi yanamlengalenga mzee. "Hata yule nilimwambia hivyo hivyo," anasema. "Akaongeza."

"Alipaswa kukukatalia, baba. Hiyo ndiyo kazi."

Ratemo anamkabidhi kamba.

Karani anaoshwa, anadungwa sindano, analalamika kidogo tu. Nyanchera anasema anatafuta chumba cha kukodi sokoni Kebirigo, chenye meza na maji ya mfereji, ili watu wa Manga na Magwagwa wajue pa kuleta mbwa wao.

"Sindano ya pili inaangukia Jumamosi," anamkumbusha Ratemo. "Lakini hiyo ni Sabato, utakuwa kanisani."

"Mimi ndiye Msabato," Ratemo anajibu, akimkuna Karani shingoni. "Huyu hajabatizwa. Njoo tu, kamba utaikuta mlangoni."