Firigisi kwenye Sahani ya Yuda

Kazi yangu ni kuchokoza picha za wakubwa. Nachukua ile michoro maarufu ya Ulaya, ambayo watu wameizoea kwenye kalenda, naichora upya na watu wa huku. Kwetu Kitale walishanizoea. Bungoma nilikoolewa hawakuwa wameona hata moja, na mimi na kichwa changu kigumu nikaamua kuanza na Karamu ya Mwisho, ya kutundikwa kanisani kwao.

Wa kuamua kama itatundikwa alikuwa baba mkwe wangu, mzee wa kanisa. Miaka mitatu mimi kwake nilikuwa "huyo msichana wa Kitale", mtoto wa watu waliohamia kutoka mkoa wa Central. Picha ikikataliwa, ningebaki mgeni kwa hilo boma mpaka nizeeke. Niliogopa, sitaficha.

Majirani wa hapo kijijini Mabanga walikubali kuchorwa kama mitume, wengine wakaazima makoti. Lakini Yuda? Nani akubali? Nikampa sura yangu mwenyewe, nikaongeza ndevu, yaishe. Mezani nikaweka ugali na kuku, kila mtu na kipande chake.

Siku ya kuionyesha, mzee alisimama mbele ya turubai. Mama mkwe akasogea, akaangalia, akajishika mdomo.

"Hiyo ni nini kwa sahani ya Yuda?" mzee akauliza.

"Firigisi, Baba."

Hapo ndipo nikashtuka. Kwetu firigisi ni ya aliyeiwahi. Hapa ni ya mwenye nyumba, hata watoto wanajua, na mimi nimempa msaliti, tena mwenye uso wangu. Mke wa mwana anakula firigisi mbele ya baba mkwe! Nilijichukia. Nikasema naifuta saa hiyo hiyo.

"Wacha," mama mkwe akasema. "Si Yuda alipewa kipande na Bwana mwenyewe? Imeandikwa."

Mzee akainama, akaiangalia ile sahani kwa karibu. Biblia anaijua, akaitikia kwa kichwa.

"Basi firigisi ibaki," akasema. "Lakini hiyo uso itoke. Ati kila Jumapili watu waangalie mtoto wangu wakisema ndiye aliuza Bwana? Hapana. Weka yangu."

Akavuta kiti, akavua kofia. Nikaanza kuchora machozi yakinitoka, naye akaniambia nisitingishe mkono.