Jiwe Lililovunjwa Mbele ya Wifi

Pale machimboni walimwita Tindo, kwa ukali wa ulimi wake na kwa kile chuma cha kupasulia mawe alichoshika kutwa. Alikuwa mjane. Mume wake ndiye aliyefungua shimo lile kwenye mwamba mweusi, na alipofariki, wifi yake alikuja na kufuli kabla machozi hayajakauka.

"Shimo ni la kaka yangu," wifi alisema. "Ukitaka kazi, utafanya kama kibarua."

Tindo alikubali, maana watoto hawashibi hasira. Lakini tangu hapo hawakusalimiana.

Mwamba ule ulikuwa lava iliyoganda. Zamani, mlima ulipotapika moto, lava ilipanda na mabonge ya mawe ya kijani kutoka chini kabisa ya ardhi, yakanasa humo. Kazi yao ilikuwa kuupasua ule weusi bila kuumiza kijani. Mara nyingi walipata punje zenye nyufa. Peridoti safi, kito hicho cha kijani kisicho na ufa, ilikuwa bahati ya mtende.

Asubuhi moja bonge lilipasuka mikononi mwa Tindo, likatoa jiwe lisilo na waa, kubwa kama kidole gumba. Vibarua waliacha kazi. Mume wake alilitafuta jiwe la namna hiyo mpaka vumbi likamla mapafu.

Wifi alishuka ngazi, mkono mbele. "Lete. Na uache kushikashika vitu vya watu."

"Kaka yako alikufa akikohoa. Hukuja hata kumpa maji."

"Kaka yangu aliuawa na mikosi yako. Lete, kabla sijakutoa humu kama mbwa."

Tindo aliliweka jiwe juu ya mwamba, taratibu, kama mtu anayetii. Kisha akashusha nyundo. Vilibaki vipande visivyofaa hata kwa hereni.

Wifi alimrukia shingoni. Vibarua waliwaachanisha kwa shida, na Tindo akafukuzwa pale pale, kucha za wifi zikiwa zimemchora shavuni.

"Hasira hasara, dada," mchimbaji mmoja alimwambia akimsindikiza.

"Hasara nimeshaizoea."

Sasa anachimba peke yake upande wa pili wa kilima, ambako mwamba ni mgumu zaidi na mpaka leo umempa punje tu. Wakikutana kwenye bomba la maji, wifi hutema mate, naye Tindo hampishi njia. Jiwe amelijutia, tena sana. Kumnyima wifi, hapana.