Tangi Hugongwa Likiwa Tupu

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa karakana ya Kawangware alinipa sarafu badala ya msumeno. "Gonga hilo tangi, mtu wa Kitui. Mahali linalia kama kengele, pita. Mahali linanung'unika, simama hapo."

Nilidhani ananidhihaki. Kumbe ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Tangi la faibaglasi ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi iitwayo resini, tabaka juu ya tabaka. Chuma hupinda kwanza kikakuonya. Faibaglasi huachana ndani kimyakimya, huku nje inameremeta. Ukiujua mlio wake, unabashiri mahali tangi litakapopasukia miezi kabla. Niliipenda kazi ile, sitaficha. Hata harufu ya resini naikumbuka kwa hamu, ingawa ilinikausha koo.

Baadaye meneja akanituma Kibera kukagua matangi tuliyowatengenezea wauza maji. Sharti lake lilikuwa moja: tangi hugongwa likiwa tupu, maana maji huua mlio. Lakini Mama Akinyi wa Gatwekera alikuwa ndiyo kwanza amejaza lake, baada ya mifereji kukauka wiki nzima.

"Fundi, maji imekuja leo tu. Nikimwaga, hawa watu watapikia nini? Gonga tu hivyo."

Nikamhurumia. Nikaligonga limejaa, nikaandika kuwa ni zima. Siku chache baadaye likapasuka ubavuni, likamvunja mguu.

Meneja akaniita. "Alilijaza kupita kiasi, ama wewe ulilikagua vibaya? Kosa likiwa lake, hatumpi tangi lingine."

Nikajibu: "Nililigonga likiwa na maji, bwana. Kosa ni langu."

Mama Akinyi akapewa tangi jipya. Mimi nikashushwa hadi kazi ya kupiga msasa, na sikupandishwa cheo tena hadi nilipostaafu.

Siku hizi niko Gatina, hapo hapo Kawangware. Vijana huniambia kompyuta ndiyo inabashiri nyufa. Ni sawa, ila hiyo nayo husema kulingana na ulichoiambia.

Mwezi uliopita Mama Akinyi akanipigia simu. "Mzee Mutua, kuja uniangalilie tangi." Mifereji ilikuwa imekauka tena. Nilimkuta ameketi, mkongojo mapajani, majirani wakiondoka na mitungi iliyojaa. Alikuwa amewagawia maji yote bure.

"Nimemaliza yote," akasema. "Sasa gonga vizuri."

Nililia mbele ya watu, mzee mzima. Kisha nikaanza kugonga.